Kambi ya Muda, Mpango wa Muda Mrefu

Juma lililopita nilikuwa kwenye ofisi moja ya serikali huku Ngara, nikisubiri zamu yangu. Mbele yangu alisimama mama mkulima, akiomba miche ya miti. Kilima cha kwao kiko jirani na kambi ya wakimbizi. Kimebaki kipara kwa kukatwa kuni, na chemchemi chini yake inakauka.

Ofisa, kijana wa kuweza kuwa mwanawe, hata shikamoo hakuitoa.

"Miti imo kwenye mpango wa muda mrefu, mama."

"Kwa nini msianze sasa?"

"Kambi bado ipo. Lakini usijali, kambi ni ya muda tu."

Mama akafungua kiganja, akakipuliza kama anayepeperusha jivu. "Hiyo ya muda imemaliza kilima kizima, mwanangu. Huo wa muda mrefu umeleta nini?"

Ofisa akanyanyuka, akaenda kunywa chai.

Mimi siwalaumu wakimbizi. Mtu akigawiwa maharage makavu bila kuni, utamwambia ayatafune? Nawalaumu waliokaa mezani wakapanga maharage, wakasahau moto. Leo wanatuambia tusubiri, na kila mvua ikinyesha udongo wa mama yule unateremka mtoni.

Nilidhani mpango wa muda mrefu ni ule unaowatazama wajukuu. Kumbe kwa lugha ya ofisi zetu, muda mrefu ni siku yoyote baada ya ofisa mwenyewe kupata uhamisho.