Njia Tulizomtangazia Jirani wa Nakonde

Bosi wangu hakuwahi kubonyeza kitu kwenye ruta kabla hakijasomwa kwa sauti. Mimi nilisoma, yeye aliipa kompyuta mgongo akasikiliza, na kila mstari ulipoisha aliuliza: "Hapo nani anapita? Akipita anaenda wapi?" Usipokuwa na jibu, mnaanza upya. Mwanzoni nilikereka mno. Nimesoma chuo, nina vyeti vyangu, halafu mtu mzima nasomeshwa kama mtoto wa darasa la pili. Nilikuwa namnung'unikia moyoni kila siku ya Mungu.

Kazi yetu pale Tunduma ilikuwa kuuza intaneti. Tulikuwa na njia mbili za kutokea: kebo nene ya faiba inayopitia Vwawa kwenda Mbeya, na kiunganishi chembamba cha kuvuka mpaka hadi kwenye kampuni moja ya Nakonde, upande wa Zambia. Ruta kazi yake ni kuwatangazia majirani kwamba anwani fulani za intaneti ziko kwangu, mkizitaka piteni hapa. Shida ni kwamba ruta haina siri. Usipoiandikia sera ya nini itangaze na nini inyamazie, inamwaga kila inachokijua. Ikimtangazia jirani wa Nakonde njia zote za dunia tulizozisikia kutoka Mbeya, basi mawasiliano yake yote yatataka kupita kwetu, na hapo tunazama sisi na yeye pia.

Yalishaikuta kampuni nyingine pale mjini. Jirani aliifunga, akaikatia njia moja kwa moja, na kampuni haikudumu. Sisi pia alishatuonya: mkikosea nawafunga, wala msinipigie simu. Bosi aliacha kazi nzuri Dar akarudi kwao kuanzisha ile ofisi. Ikifa, hakuwa na kingine.

Siku moja mtambo wa wajenzi wa barabara ukakata faiba. Ilipofika saa nne asubuhi ofisi yetu ilijaa mawakala wa forodha, malori yao yamesimama kwa sababu nyaraka hazitumwi. Huyu anabishana na dereva wake kwa Kinamwanga, yule anamtuliza mteja wa ng'ambo kwa Kibemba, na wote macho kwa bosi.

"Dada, kama huduma imekushinda si useme tujue moja," mmoja akamwambia.

Dawa ilikuwepo. Tulikuwa na sera ya zamani tuliyoihifadhi kwa dharura, ya kumtangazia jirani anwani za wateja wetu ili wapitie kwake. Nikaifungua.

"Tubonyeze," nikasema.

"Soma," akasema.

Nikamwangalia nisiamini. Watu wanagonga kaunta, yeye anavuta kiti anaipa kompyuta mgongo. Nikasoma kwa hasira, harakaharaka. Anwani za mawakala, zipite. Za hospitali ya kule Ileje, zipite. Za maduka, zipite. Mstari wa mwisho: kilichobaki, kipite.

"Hapo nani anapita?"

"Hakuna mtu," nikamjibu. "Faiba imekatika. Kwenye ruta hamna kitu zaidi ya vya kwetu."

"Hiyo ni sasa hivi. Na kebo ikipona?"

Hapo ndipo nikakumbuka. Sera ile tuliiandika kabla hatujapata faiba, enzi zile tukitegemea Nakonde peke yake. Kila kilichokuwa kwenye ruta kilikuwa chetu, kwa hiyo mstari ule haukuwa na ubaya wowote. Sasa kebo ingepona, njia za dunia nzima zingeingia kwa mkupuo na kumwagikia kwa jirani, sisi tumekaa tunakunywa chai tukifurahia faiba kurudi.

Akaufuta mstari, akaandika: kilichobaki, kikataliwe. Kisha tukasoma tena tangu mwanzo. Tangu mwanzo, jamani, na kelele zile. Yule wakala akaondoka akisema anahamia kwingine, na bosi akamwambia, "Karibu tena kaka," bila hata kugeuka. Ndipo akabonyeza. Punde simu zikaanza kupokea ujumbe mifukoni mwa watu, na kaunta ikapoa.

Alasiri mafundi wakamaliza kuunga kebo. Njia zikaanza kuingia kutoka Mbeya, nyingi hazihesabiki. Nikafungua kuona tunachomtangazia jirani, roho mkononi. Zilikuwa anwani zetu tu.

Simu ya bosi ikaita. Alikuwa mhandisi wa Nakonde, na bosi akaweka spika.

"Mulishani," akatusalimu kwa Kibemba, kisha akaendelea na Kiswahili chake cha mpakani. "Nimeona kebo yenu imerudi. Amri ya kuwafunga nilishaiandika tangu asubuhi, nilikuwa nangoja tu kubonyeza. Nimeifuta. Jioni njema."

Bosi akakaa. "Leo nimeogopa tangu asubuhi," akasema, akijifunga upya kitenge. Siku zote nilidhani mwanamke yule hajui woga. Kumbe alikuwa nao tangu faiba ilipokatika, na bado aliweza kukaa kwenye kile kiti na kuniambia soma.

Nimemzidi umri, tena si kidogo. Nikasimama, nikamwambia, "Shikamoo, dada."

Akanitazama aone kama namtania. Alipoona sitanii akaitikia, "Marahaba," machozi yakimtoka.