Bibi Wankyo na Kazi za Marehemu

Kila asubuhi, kabla hajanawa uso, Bibi Wankyo alisimama nyuma ya nyumba yake pale Makoko akitazama majiko ya majirani: lipi linafuka moshi, lipi halifuki. Ulikuwa mwaka wa themanini na tatu, kibiriti kilikuwa adimu kama sabuni, na watu wakiombana moto nyumba hadi nyumba. Jiko lililokaa baridi mpaka jua likapanda, aliliendea mwenyewe na makaa juu ya kigae.

Ndivyo alivyofika kwa Masatu, mvuvi, siku ya tatu tangu matanga ya mkewe Hyasinta yaondolewe. Alimkuta Nyangi, binti yao, amepiga magoti akipuliza majivu. Mtihani wa darasa la saba ulikuwa umebakiza majuma sita, naye hakuwa amekanyaga shule tangu msiba.

"Shule vipi, mjukuu wangu?"

Shangazi Gati, dada yake Masatu, ndiye aliyejibu. "Shule gani tena? Huyu ndiye mama wa nyumba sasa."

Alisema kwa upendo. Waombolezaji wote walikuwa wamesema hivyo hivyo, na kila mara Nyangi aliitikia, "Ndiyo," macho makavu.

Bibi Wankyo aliweka makaa mafigani, akamwita Masatu, akawaketisha wote uani.

"Hyasinta alikuwaga anafanya nini kutwa? Semeni kimoja kimoja."

Walitazamana. Kisha Clementi, mdogo wake Nyangi, akasema, "Alikuwa anachota maji."

"Maji yako, Clementi. Kingine?"

"Kuanika dagaa," alisema Nyangi.

"Gati."

"Mimi nina kwangu, Bibi!"

"Na wiki mbili hizi ugali unakula wa nani?"

Masatu alicheka bila kutaka. Kilikuwa kicheko cha kwanza nyumbani pale tangu maziko.

"Foleni ya sukari, duka la ushirika," aliendelea Nyangi.

"Masatu."

Kicheko kikamkauka. "Mimi? Nikasimame katikati ya kanga za wanawake?"

"Kwani chai unainywa umejifunga kanga?"

Masatu alikuna kidevu. "Sukari inakujaga lini?"

"Alhamisi," alisema Nyangi.

"Haya."

Zikaja kuosha vyombo, kufungia kuku, kukata mche wa sabuni ili ufike mwisho wa mwezi. Kila kazi ikapata mwenyewe. Clementi akauliza nani ataanzisha rozari jioni, kwa kuwa mama ndiye aliyekuwa akiianzisha. Masatu akasema kwa sauti ndogo, "Hiyo niachieni mimi."

Miaka mingi baadaye, sukari ilipojaa kila duka na foleni zikasahaulika, Nyangi, mtu mzima huko Kiabakari, alizoea kuwasimulia wanawe juu ya babu yao akiwa foleni: kikapu kwapani, jicho jekundu la usiku wa ziwani, na wanawake wakimwita, "Shemeji, nishikie nafasi!" Alitamani kuiona tena Alhamisi moja tu ya namna ile.

Lakini asubuhi ile aliona tu kwamba mikono yake imebaki mitupu, akaogopa.

"Bibi," aliuliza, "na mimi, kazi yangu ni ipi?"

"Wewe ni mtoto wake. Mlilie mama yako, na kesho uende shule."