Okestra Juu ya Mkokoteni

Kitabu changu cha kwanza cha konseto kiliingia Kariakoo kikiwa katikati ya robota la mapazia. Mama yangu anauza mapazia. Mzigo wake unatoka Guangzhou, na huko kuna dada mmoja wa kwetu Kilimanjaro anayewanunulia bidhaa wafanyabiashara wa huku. Nilimtumia ujumbe wa sauti kwa siri: "Dada, ukipita duka la muziki naomba kitabu cha nota za muziki huu." Kwa kuwa sikuamini kwamba jina peke yake lingetosha, nikamwimbia na mwanzo wake. Baadaye aliniambia alisimama dukani, akamsikilizisha muuzaji sauti yangu, muuzaji akacheka mpaka akashika meza, kisha akaenda moja kwa moja kwenye rafu na kukitoa.

Siku tunafungua robota, kitabu kilidondoka miguuni pa mama. Jaladani kila neno lilikuwa la Kichina.

"Hiki nacho ni cha dirisha gani?" mama akauliza.

"Ni nota, mama. Za piano."

"Kimesafiri na mzigo wangu bila nauli?"

"Nitakupigia mpaka usamehe."

Kwa asiyejua, konseto ni muziki uliotungwa kwa mpigaji mmoja na okestra nzima. Mpigaji anasema, okestra inajibu, wanabishana, wanapatana, mwisho wanamaliza pamoja kwa kishindo. Mimi nilijifunza piano kanisani na nimeipigia kwaya tangu nikiwa sekondari. Konseto hiyo nilikuwa nimeisikiliza kwenye simu mwaka mzima nikipima mapazia, mpaka wateja wakazoea kuniona natikisa kichwa peke yangu. Lakini nota zake sikuwahi kuziona kwa macho.

Nilipokifungua kitabu kwenye piano ya ukumbi wa kanisa, nikakuta kila ukurasa una piano mbili, moja juu, nyingine chini. Nikaingia mtandaoni kusoma, na hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo lilinifurahisha kuliko nilivyotegemea. Wachapishaji wanajua kwamba watu wengi hawana okestra nyumbani. Kwa hiyo wanatoa toleo ambalo okestra yote, fidla, filimbi, tarumbeta na ngoma, imekamuliwa ikaingia kwenye piano ya pili. Watu zaidi ya hamsini ndani ya vidole kumi! Piano ya juu ilikuwa yangu. Ya chini ilihitaji mtu wa kuwa okestra.

Mtu huyo sikuwa naye. Na konseto yenyewe inaanzwa na okestra, piano inasubiri. Basi nikakaa mbele ya piano, mikono mapajani, nikihesabu kimoyomoyo. Mama alikuwa ametoka mazoezi ya kwaya ya akina mama, akachungulia mlangoni.

"Mbona hupigi?"

"Naisubiri okestra."

Akaangalia viti vitupu huku na huku. "Iko njiani?"

"Hapana, mama. Haipo."

"Kwa hiyo unamsubiri mtu ambaye hayupo."

"Ndiyo."

Akatikisa kichwa, na kuanzia siku iliyofuata hakuna mteja aliyenunua pazia dukani kwetu bila kusimuliwa habari za binti anayekaa kimya mbele ya piano akisubiri okestra isiyokuwepo. Wateja walicheka, wakanihurumia, mmoja akaahidi kuniombea. Na mmoja hakucheka. Alikuwa mwanasheria, dada wa makamo kutoka familia ya Kiislamu ya siku nyingi hapa mjini, anaishi kwenye fleti Mchafukoge, na alikuwa amekuja kutafuta pazia la sebuleni.

"Mama, shikamoo tena," alisema, ingawa alikwishamwamkia alipoingia. "Huyo binti yuko wapi? Mimi nina piano."

Nikatoka nyuma ya marobota kama niliyeitwa jina langu kwenye bahati nasibu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Nilifundishwa na masista shuleni. Baba akaninunulia piano kwa jirani zetu Wagoa walipokuwa wanahamia Kanada. Sijaigusa sawasawa tangu nianze kazi. Hiyo okestra, ni ngumu?"

"Ngumu kuliko yangu."

"Wallahi?" Macho yakamng'aa. "Basi mimi ndiye okestra."

Pazia alilifuata siku nyingine kabisa, maana siku hiyo alilisahau.

Wapigaji wawili kwenye piano mbili wanahitaji vitabu viwili. Dada hakutaka kusubiri robota lingine. Akapakua mtandaoni toleo la zamani lililokwisha kuwa la bure, lililochapwa Ulaya enzi za babu wa babu zake, akalichapisha na kulibandika ukingo wa plastiki steshenari ya chini ya fleti yao. Jumamosi ya kwanza nikaenda kwake na kinanda changu cha umeme begani. Piano yake ilikuwa imepangwa sahani za kioo na picha za harusi za ukoo mzima. Tukazihamisha zote kwenye kochi, tukakaa, tukatazamana, akaanza.

Sijui nisemeje. Okestra niliyoisubiri ikaja. Ilikuwa ya vidole vilivyokaa miaka bila kazi, ilijikwaa hapa na pale, lakini ilikuja! Nilipofika zamu yangu ya kuingia, nikasahau kuingia.

"Hodi," dada akasema, akiendelea kupiga. "Wenyewe mpo?"

Tukarudia. Safari hii niliingia, tukaenda vizuri mpaka tukapoteana.

"Turudi herufi D," akasema, akigusa moja ya herufi zilizochapwa juu ya mistari ya nota kama alama za mahali.

"Kwangu hakuna herufi, kuna namba."

"Haya, herufi D ni namba ngapi?"

Hatukujua. Tukaanza kulinganisha, na kadiri tulivyolinganisha ndivyo tulivyozidi kucheka. Vitabu vilikuwa vya konseto moja, mtunzi mmoja, lakini kila mchapishaji alikuwa na wake. Kitabu changu kiliandika laini, cha kwake kiliandika kwa nguvu. Changu kiliacha wazi, cha kwake kilijaza nota za mapambo, maana yule bwana aliyekihariri zamani hizo alionekana ni mtu asiyeweza kuona ukimya bila kuuwekea kitu. Kibaya zaidi, kuna mahali karibu na mwisho wa sehemu ya kwanza ambapo okestra inanyamaza na mpigaji anaachiwa uwanja peke yake. Kwangu pale palikuwa na kurasa tatu. Kwake mhariri alikuwa ameweka kipande kingine, kifupi. Basi nikiwa katikati ya mbwembwe zangu, okestra yote ikanivamia, kama mgeni aliyeingia bila hodi na mwenyeji yuko bafuni.

Nilipiga kelele. Yeye akapiga kelele zaidi. Shangazi yake aliyekuwa chumba cha pili akaja mbio akidhani tumeona nyoka.

Kuna nota moja iliyotugombanisha kweli. Katika sehemu ya pili, ile ya taratibu, kitabu changu kilikuwa na nota ya kawaida, cha kwake kilikuwa kimeishusha nusu toni. Dada ni mwanasheria. Hakuwa tayari kushindwa. Mimi ni Mchaga. Sikuwa tayari pia. Tukampigia mama simu, tukaiweka juu ya piano, tukapiga zote mbili. Mama anaimba alto kwa sol-fa tangu ujana wake, haoni haya kutoa hukumu.

"Rudieni," akasema. Nyuma yake nilisikia mteja akiuliza bei ya pazia la bluu, naye akimnyamazisha. "Hiyo ya kwanza ni nzuri. Hiyo ya pili inauma."

"Kwa hiyo ipi sahihi, mama?" dada akauliza.

"Muziki huo unapita hapo mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Basi mara ya kwanza iwe nzuri, mara ya pili iume. Niacheni nina wateja."

Tukafanya hivyohivyo. Na kwa kuwa tulikwishaanza kujiamulia, tukaamua tusiishie hapo. Tukachukua mkasi na gundi. Tukaondoa mapambo ya yule bwana, tukabakiza mawili aliyoyapenda dada. Tukafuta herufi na namba, tukaweka majina ya mitaa, maana hayo hatuwezi kuyapoteza: pakikosewa, tulikuwa tunasema "turudi Uhuru" au "tuanzie Msimbazi", na wote tulijua tuko wapi. Yule kijana wa steshenari alipopewa kurasa hizo azitoe nakala, akazigeuza juu chini.

"Jalada niandike toleo la wapi?"

"Andika Toleo la Mchafukoge," dada akasema kwa sauti ile anayotumia mahakamani. Nilikuwa natetemeka kwa kicheko, nimejishika kwenye mashine.

Mama naye hakukaa kimya. Jumapili moja, bila kutuuliza, alisimama kwenye matangazo ya akina mama akawaalika wote kwenye ukumbi wa kanisa waje kusikiliza okestra ya binti yake. Dada nilipomwambia, aliweka mkono kifuani.

"Subhanallah. Ukumbi wenu una piano moja, na okestra haienei kwenye kinanda chako. Sasa piano yangu itafikaje Kariakoo?"

Ilifika kwa mkokoteni. Tulipata wapagazi wanne wenye misuli kama kamba za meli. Wakaishusha ngazi za fleti kwa kuhesabu pamoja, na katika kila ngazi piano ilitoa mlio wake wa ndani, mnene, kama ng'ombe aliyeamshwa. Mama alileta mabaki ya mapazia tukaifunga kila upande, ikawa kama bibi harusi. Tukavuka barabara ya Bibi Titi mwenye mkokoteni akipiga miluzi, magari yakisimama, watu wakitoa simu zao. Mimi na dada tulikimbia pembeni, kila mmoja ameishika kwa mkono kana kwamba tungeweza kuizuia.

Tulipofika Mnazi Mmoja, kiongozi wa wapagazi akasimamisha msafara, akajifuta jasho.

"Dada zangu, tumebeba mafriji, tumebeba majenereta, tumebeba mpaka makabati ya marehemu. Hiki tujue kwanza kinaliaje."

"Tutachelewa," nikasema.

Lakini dada alikwishapanda. Alipandisha baibui lake kidogo, akakalia ndoo iliyopinduliwa, akafungua mapazia upande wa mbele, akaanza. Juu ya mkokoteni, katikati ya wapita njia, okestra ikalia. Muuza soksi akazima kipaza sauti chake. Mama mmoja akatua beseni la maembe. Mimi sikuwa na piano ya kwanza pale, ilikuwa inanisubiri ukumbini, na zamu yangu ilikuwa inakaribia. Nikafungua mdomo nikaimba. Nota zote za vidole kumi nilijaribu kuziimba kwa ulimi mmoja, la-la-la-la, mbele ya Dar es Salaam yote, na sikuona aibu hata chembe.

Mgambo wa jiji akapenya. "Hapa kuna kibali?"

"Cha kuhamisha fenicha?" dada akamjibu bila kuacha kupiga.

Yule mgambo akafikiri. Akasikiliza kidogo, kichwa kimeinama upande. "Malizieni hicho kipande," akasema, "halafu msogee." Tulipomaliza, yeye ndiye aliyesukuma mkokoteni kwa nyuma mpaka ng'ambo ya Lumumba.

Ukumbini tulikuta umejaa. Upande mmoja akina mama wa kwaya na vitenge vyao vya sare, upande wa pili mashangazi wa dada na watoto wao, katikati wafanyabiashara waliofunga maduka mapema. Wapagazi walikataa kuondoka. Walikaa safu ya mbele wakisema mzigo wao bado haujapokelewa.

Tukapiga nota moja kila mmoja ili tulinganishe. Piano ya dada ilikuwa imeshuka. Safari ilikuwa imeilegeza nyuzi, ikawa chini ya yangu kidogo tu, kiasi cha kutekenya sikio.

"Okestra imechoka na njia," dada akaninong'oneza. "Twende hivyohivyo."

Tukaenda. Sikumbuki kila kitu, na ninachokumbuka kinanijia kwa vipande: mikono yangu ikikimbia mbele yangu, dada akipiga fidla zote na ngoma zote, miwani ikimteleza puani, watu wakipiga makofi katikati ya sehemu ya kwanza kwa sababu ilikuwa nzuri na hawakuona kwa nini wasubiri. Tukafika pale ninapoachiwa uwanja. Dada akanyanyua mikono, akaikunja kifuani, akageukia watu kwa fahari kama mama wa mtoto anayesoma risala. Shangazi yake mmoja akadhani amekwama, akamwita kwa sauti. Kiongozi wa wapagazi akasimama.

"Mwacheni mwenzake aseme kwanza!"

Ukumbi ukacheka, nami nikacheka, na vidole vikaendelea vyenyewe. Katika sehemu ya taratibu, ile nota ilipita mara ya kwanza ikiwa nzuri. Ilipopita mara ya pili ikiwa imeshushwa, nilimsikia mama akivuta pumzi kutoka safu ya tatu.

Tulimaliza pamoja. Nasema hivyo kwa kujivuna, kwa sababu mazoezini hatukuwahi. Vigelegele vilitoka pande zote mbili za ukumbi vikakutana juu ya vichwa vyetu. Dada alinishika mkono tuiname kwa heshima, lakini kicheko kikatushinda, tukainama na hatukuweza kuinuka. Tukabaki hivyo, tumeshikana, machozi yakidondokea viatu.

Soda zilipoanza kugawiwa, yule kiongozi wa wapagazi alikwenda kwenye piano ya dada, akafuta kidole chake kwenye shati, akabonyeza kitufe kimoja cha chini kabisa. Akasikiliza mpaka mlio ukaisha. Akabonyeza tena. Nyuma yake kulikuwa tayari na foleni: wenzake watatu, shangazi mmoja, mama wa kwaya na kitenge chake, kila mtu akitaka kujaribu kimoja. Mimi na dada tulivua viatu, tukakaa sakafuni ukutani na soda zetu, tukawaacha wapige.