Tulivyompumzisha Mama

Sisi watoto wa mama yangu tulijivunia jambo moja: mama yetu hafanyi kazi tena. Alikuwa ameuza mitumba sokoni Kibuye tangu sijaanza shule, sweta za wanafunzi hasa, na alipofika miaka sabini na mbili tuliketi na ndugu zangu tukakata shauri kwamba imetosha. Kwetu, mama akionekana anabeba mzigo na huku watoto wake wako maofisini, aibu ni ya watoto. Nikamleta nyumbani kwangu Milimani, nikamwonyesha kiti cha verandani, nikamwambia akae.

Akakaa. Akinyanyua kikombe, msichana wa kazi anakipokea. Akitaka kuchambua mboga, ananyang'anywa kwa heshima zote. Kanisa liko mwendo wa dakika kumi kwa miguu, lakini nilimpeleka kwa gari, maana watu wangesemaje? Naona aibu kuandika hivi, kwa sababu nimefundisha baiolojia miaka ishirini na sita, na ubongo nimeuchora ubaoni mpaka naweza kuuchora nimefumba macho.

Baada ya miezi minane hivi mama akaanza kuuliza leo ni siku gani. Nikimjibu, anauliza tena kabla chai haijapoa. Asubuhi moja akamwita msichana wa kazi kwa jina la marehemu dada yake. Dada yake huyo, mama yangu mkubwa, alimaliza siku zake akidhani wanawe ni wageni, akiwauliza kwa adabu kama watakunywa chai au wana haraka. Niliogopa. Niliogopa kwamba siku moja mama angeniuliza mimi ni nani.

Mimi nikiogopa, napekua. Nilisoma kila nilichoweza kukipata kuhusu ubongo wa wazee, nikaugeuza mradi. Nikanunua kitabu cha mafumbo ya maneno. Mama akakitumia kufunikia sufuria ya maziwa. Nikapunguza chumvi. Samaki wa kukaanga nikamfanya wa kuchemsha, na mboga za majani, mrenda na managu, zikawa za kila jioni. Halafu nikafungua daftari: amelala saa ngapi, ameuliza siku mara ngapi, amesahau nini. Mama alinitazama nikiandika, akataka kujua tangu lini amekuwa chura wa maabara yangu. Nikaliandika hilo pia, maana mtu anayechokoza hivyo bado yuko.

Daftari lilipojaa nusu nikampeleka kliniki. Muuguzi, mama wa makamo asiye na haraka, alimpima presha akaikuta juu, akampa dawa. Akasimama nyuma yake akamnong'oneza, na mama hakugeuka. Sikio la kushoto lilikuwa limezibwa na nta, wakalisafisha palepale. Kumbe baadhi ya maswali aliyoyarudia alikuwa hajasikia majibu yake, na hilo halikuwa daftarini mwangu. Kisha muuguzi akanigeukia mimi.

"Mwalimu, siku nzima huyu mama anaongea na nani?"

Nikafikiri. Msichana wa kazi, akimwuliza kama atakula. Mimi jioni, nikimwuliza kama amekula. Akaniuliza anatembea kwenda wapi, nikataja kiti cha verandani. Akanieleza kwamba presha idhibitiwe, masikio yasikie, usingizi utoshe, mwili utembee, na kila siku kuwe na watu na shughuli inayomlazimu kufikiri. Alisema wazi kwamba hayo yote hayamwahidi mtu yeyote chochote. Yanapunguza tu hatari. Halafu akaongeza, "Huyu mama mlimpa likizo, na yeye hakuomba."

Nilikasirika njia nzima. Nilikuwa nimemlisha, nimemvisha, nimemheshimu, na huyu ananiambia nini? Lakini tulipofika nikamwuliza mama, kwa mara ya kwanza tangu ahamie kwangu, yeye mwenyewe anataka nini. Alisema Kibuye kabla sijamaliza swali. Ndugu yangu nilipompigia simu aliniuliza kama nimeshindwa kumtunza. Nikamwambia ndiyo, kwa namna fulani nimeshindwa.

Jumapili baada ya ibada tukatembea hadi barabara kuu, tukapanda tuktuk. Mwanamke aliyerithi kibanda chake alimwona kwa mbali akamwita Nyar Bondo. Kwetu mwanamke aliyeolewa huitwa kwa kwao alikozaliwa, na mama alizaliwa Bondo. Kwangu alikuwa Mama, na kwa wajukuu Dani, yaani nyanya, basi. Nilimwona akinyoosha mgongo. Dakika chache tu ameketi mbele ya rundo la nguo, akaja mteja wake wa zamani anayetafuta sweta, na mama akamwuliza, "Ni ya yule wako wa kwanza, si ndiyo? Saa hii ako form three. Yule wa mabega kubwa." Akaingiza mkono kwenye rundo akatoa ya kijani, bila kutazama lebo. Ilikuwa ndiyo yenyewe. Nilisimama pale na elimu yangu yote, nikijiuliza mabega ya watoto wa watu anayaweka wapi kichwani mwake.

Sasa huenda mara mbili kwa wiki. Kuuliza siku kumepungua, hakujaisha. Wiki iliyopita alimwita tena msichana wa kazi kwa jina la dada yake, na safari hii alijisikia mwenyewe akilitamka.

Tulipokuwa tukirudi kutoka sokoni nikamwambia hofu yangu yote, hata ile ya mimi kuwa mgeni kwake. Hakunibembeleza. Alininyooshea mkono akanipima bega kwa kiganja, kutoka shingoni hadi mwisho wa mfupa, polepole, kama anavyowapima watoto wa wateja.

"Nyathina, mtoto wangu, nikisahau jina yako usinikasirikie," akasema. "Njoo tu usimame mbele yangu. Hii bega nitajua."

Tuktuk ikasimama getini, naye akateremka kabla sijamshika mkono.