Mahali Mama Alipokuwa Akitandika Kitenge

Shule ninayofundisha iko mjini Arua, na nilisoma hapohapo. Ni shule ya serikali, kongwe, yenye kelele, na mapaa yake hubadilishwa rangi kila anapokuja mwalimu mkuu mpya, kana kwamba rangi ndiyo inayofundisha. Mwaka huu kamati ya sherehe ilikaa ikaamua kwamba lazima shule iwe na historia iliyoandikwa. Kwa kuwa mimi ndiye mwalimu wa historia, macho yote yakanigeukia. Sikufurahi. Ninazijua historia za kamati: zinataka picha za waliovaa tai na yule mhitimu mmoja aliyepata cheo kikubwa. Nikawaambia nitaandika, lakini nitaandika mpaka habari za vyoo. Wakacheka, wakidhani natania.

Kabla sijaendelea niseme jambo moja. Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule hiyo. Vita ilipofika mjini watu walikimbia, wengine Kongo, wengine Sudani, na mama alivuka mpaka nikiwa bado tumboni. Baba alimwambia atangulie, yeye atafunga maabara halafu atamfuata. Hakumfuata. Nilizaliwa ugenini, na tuliporudi mama alijenga kwa wakwe zake, Ludara, kule Koboko. Tangu hapo anangoja. Si kwamba anadhani mumewe yu hai, mama si mjinga. Anangoja kuonyeshwa alipolala. Ndugu za baba walitaka kufanya matanga bila mwili, akakataa. Wakataka arithiwe, akawafukuza na mwiko.

Kwetu kaburi haliwekwi mbali. Liko uani, karibu na mlango, limesakafiwa kwa saruji, na maisha yanaendelea juu yake. Tunaanika ufuta hapo, watoto wanateleza hapo, mgeni akikosa kiti anakaa hapo na hakuna anayeshtuka, maana marehemu naye ni mwenye nyumba. Uani kwa mama, kando ya mlango, kuna nafasi tupu ambayo huifagia kila asubuhi. Haoteshi mchicha hapo, haweki kuni hapo. Nimekua nikiiona nafasi hiyo, na nasema kweli, nimeichukia.

Sasa nirudi shuleni. Katikati ya uwanja wa mstarini kuna jukwaa dogo la saruji, refu kuliko upana wake, limeinuka kiasi cha goti. Tulilikuta hapo. Wengine walisema ni kitako cha tangi la maji la zamani, wengine wakasema lilikuwa la bendera, na sisi tukaliita Steji, yakaisha. Kiranja alisimama hapo kusoma matangazo. Wageni wa kidato cha kwanza walichezeshwa hapo mpaka walie. Ijumaa, siku ya kufyeka majani, shule nzima ilinoa mafyekeo kwenye ukingo wake, hata ukingo ukaliwa ukawa na mabonde kama meno ya mzee. Nami nilinoa langu hapo, na nilikuwa hodari wa kunoa.

Siku ya wazazi, mama alifika kutoka Ludara na kapu lake, akatandika kitenge juu ya Steji kabla mzazi mwingine hajawahi. Alipakua ugali wa muhogo na samaki mkavu aliyeungwa kwa karanga, tukala pale, akanawa mikono na kumwaga maji palepale. Kila siku ya wazazi ilikuwa hivyo. Alisema ni pasafi, na mwarobaini unatoa kivuli kizuri.

Mwalimu mkuu wa wakati huo alikuwa mtu mfupi na mkali. Katika miaka yangu yote pale hakuipanda Steji hata siku moja. Alisimama chini, kando yake, akahutubia. Sisi wa nyuma hatukumwona, tulisikia sauti tu, tukambandika jina la Redio. Na mimi alinionea. Siku ya kuchezeshwa wageni aliniita nikapange viti ofisini, nikakosa hata aibu waliyoipata wenzangu. Nilipochaguliwa dada mkuu, kaka mkuu alipanda Steji akasoma matangazo yake. Nilipoinua mguu nami nipande, mwalimu mkuu alinishika bega akasema nisomee chini. Shule nzima iliona.

Nilijua sababu, au nilidhani naijua. Yeye ni Mlugbara wa hapahapa, na mimi natoka Koboko, kwa Wakakwa, ambao mjini bado wanaitwa watoto wa jeshi kwa sababu baba zao wengi walikuwa askari. Kinyongo hicho nilikilea kama mtoto. Niliporudi kufundisha, yeye akiwa ameshastaafu, niliapa sitaipanda Steji: kama sikufaa nikiwa dada mkuu, nisifae mpaka nife. Wenzangu walidhani nina maringo. Kamati iliposema Steji ivunjwe, hapo ujengwe ukumbi mpya, mimi ndiye niliyeinua mkono wa kwanza. Tingatinga liliagizwa lije Jumatatu.

Jumamosi nilichukua bodaboda nikaenda Kuluva, anakoishi yule mwalimu mkuu wa zamani tangu astaafu. Nilikwenda kwa ajili ya historia tu, na nakiri nilikuwa na swali langu moja mfukoni, la siku ile ya bega.

Nilimkuta uani, amezeeka, amezidi kuwa mfupi. Tuliongea Kiswahili, maana Kilugbara changu ni cha sokoni na yeye Kikakwa hakijui. Kiti kilikuwa kimoja na alikuwa amekikalia yeye kwa ajili ya mgongo. Akanionyesha kaburi la mkewe, lenye vigae vyeupe, chini ya dirisha la jikoni.

"Kaa hapo kwa mama," alisema. "Yeye iko napenda wageni."

Nikamsalimu mama wa watu, nikakaa. Chai ikaja. Mzee aliniangalia muda mrefu huku anatabasamu, na tabasamu lake lilinikera, kwa sababu sikuwahi kuliona nikiwa mwanafunzi. Kisha akasema, polepole, kama mtu anayekumbuka kitu kizuri:

"Wewe nakaa sawasawa na mama yako. Vile alikuwa nakaa na baba yako, ile siku ya wazazi."

Nilidhani uzee umemchanganya. Nikamwambia kwa adabu kwamba baba yangu hakuwahi kuja siku ya wazazi, kwamba alipotea vitani kabla sijazaliwa. Tabasamu likamtoka. Akaniuliza kama nasema kweli. Nikamwuliza yeye anasema nini.

"Baba yako iko pale shule," alisema. "Kwa ile simenti. Mimi nalizika yeye na mikono yangu."

Kikombe kilinitoka mkononi, chai ikamwagika juu ya vigae, na mimi nikaanza kuipangusa kwa kitenge changu huku nikimwomba radhi marehemu wa watu. Nilipangusa na kupangusa hata baada ya kigae kukauka. Mzee alikuwa anaongea, na maneno yake yalinifikia mojamoja.

Wakati ule yeye alikuwa mwalimu kijana, rafiki wa baba. Walibaki wawili kuficha vifaa vya maabara, mama akiwa ameshavuka mpaka, asijue kwamba kuna mwingine aliyebaki na mumewe. Risasi ilitoka upande wa barabara, na hakuna aliyejua ya nani, ikampata baba akiwa amebeba sanduku la chupa akivuka uwanja. Alifia palepale. Rafiki yake alichimba hapohapo, maana kumbeba hakuweza, na kwa kuwa mbwa wa mji ulioachwa walikuwa wameshaanza kuzurura, alichukua saruji ya kukarabati maabara akamfunika. Kisha naye akakimbilia Kongo. Huko alimtuma mwanamke mmoja aliyekuwa anakwenda kwenye kambi aliyoisikia kuwa ndiyo ya mama. Mwanamke yule hakufika, au alifika na maneno yakamshinda. Hatutajua.

Watu waliporudi mjini, wale wa zamani wa shule walikuwa wametawanyika. Wapya walikuta saruji uwanjani, wakaifanya steji. Mzee aliporudishwa kuwa mwalimu mkuu alikuta wameshaizoea, na alikuwa anajiuliza atamwanzia wapi mjane wa rafiki yake. Ndipo ikafika siku ya wazazi ya kwanza. Akamwona mama anaingia getini na kapu, anapita wazazi wengine wote, anakwenda moja kwa moja kwenye ile saruji, anatandika kitenge, anakaa, anamlisha mtoto wake. Hata maji ya mikono anayamwaga hapo, kama mke anavyofanya nyumbani.

Yeye akaelewa kwamba ujumbe ulifika. Nani angeelewa vingine? Na kwetu mjane akishatulia na msiba wake hufungui tena kidonda chake kwa maneno. Unamwachia. Akamwachia, mwaka hadi mwaka, akimtazama kutoka dirisha la ofisi. Alisema alimheshimu kuliko wazazi wote.

"Alikuwa anakaa pale kwa sababu ya kivuli, mwalimu," nikamwambia.

Mzee yule aliyetutia hofu shule nzima akafunika uso kwa mikono yake. Swali langu la mfukoni sikuhitaji tena kuliuliza, lakini alilijibu mwenyewe, kupitia vidole. Mtoto hasimami juu ya kichwa cha baba yake kutoa amri. Alidhani nami najua. Alidhani nilipokasirika siku ile, nilikuwa najikaza tu.

Wahenga walisema usilolijua ni usiku wa giza. Mimi nimekaa ndani ya giza hilo nikinoa fyekeo.

Nikiwa bado Kuluva nilimpigia simu mwalimu mkuu wa sasa kuhusu tingatinga. Nilieleza vibaya, nikarudia, nikaeleza vibaya tena. Akasema kwamba hakuna mtu atakayeigusa saruji ile, hata ikibidi yeye mwenyewe alale juu yake. Sikuwahi kumpenda mtu huyo. Siku ile nilimpenda.

Kesho yake nilikwenda Ludara. Njia nzima nilipanga maneno, na nilipofika yote yakapotea. Mama alikuwa anabambua karanga karibu na ile nafasi yake tupu. Nikachuchumaa, nikamwambia kwamba baba ameonekana. Mikono yake haikusimama. Aliuliza wapi tu. Nikamwambia ni pale mstarini, pale alipokuwa akitandika kitenge.

Mikono ikasimama. Mama alinitazama, akaangalia karanga, akanitazama tena, halafu akacheka. Kicheko kile kilinitisha kuliko kilio chochote nilichokisikia. Mama alikulia kwenye kambi ya jeshi, baba yake askari, na mambo yakimzidi huiacha lugha ya kwao akasema Kiswahili cha kambi. Alisema kwa sauti ndogo:

"Mimi namwaga maji ya samaki juu ya mutu yangu."

Kisha akalia. Alilia kilio kilichokuwa kimefungiwa maisha yangu yote, wakwe zake wakatoka mashambani na majembe mikononi wakidhani nimemletea kifo kipya. Na kweli nilikuwa nimemletea.

Tulimpeleka Arua mara tu alipoweza kusimama. Ndugu za baba wanataka mifupa irudishwe Ludara, na wazee bado wanazungumza jinsi ya kufanya hivyo, lakini mama alisema kwanza atakwenda mwenyewe. Mwalimu mkuu aliwaweka wanafunzi madarasani. Uwanja mzima ulikuwa kimya, tingatinga limeegeshwa kando ya ukuta, na mzee wa Kuluva alikuwa amesimama mahali pake pa siku zote, chini, kando ya Steji. Mama alimfikia, wakashikana mikono kwa muda mrefu, na hakuna aliyemlaumu mwenzake.

Kisha akainama, akapitisha vidole kwenye yale mabonde ya ukingo, moja baada ya jingine. Akaniuliza ni nini kimeila saruji hivi. Nilitaka kusema mvua. Nikamwambia ni mafyekeo yetu. Aliuliza kama na langu lilikuwemo, nikasema lilikuwemo. Mama akatikisa kichwa, akatandika kitenge chake palepale alipozoea, akakaa. Nami nikabaki nimesimama na kapu, sijui nipakue chakula au nikimbie.

"Panda," akaniambia. "Yeye alikwenda bila kujua kama wewe iko musichana ao kijana. Sema jina yako na nguvu, asikie."

Nilimwangalia mzee wa Kuluva. Safari hii alinishika bega, akanisukuma mbele. Nikavua viatu, nikapanda Steji kwa mara ya kwanza, nikamtajia baba yangu jina langu.