Kibuyu cha Bibi na Tumbo la Nyangeta

Harufu ya kibuyu kilichofukizwa moshi ninaitambua hata nikifumba macho. Bibi, mama yake baba, alikuwa akikiosha, akikichoma ndani kwa kijinga cha moto, kisha akikijaza maziwa, na nyumba nzima ikanukia. Likizo ile nilikuwa na miaka tisa. Mama alitupeleka Mwitongo, nyumbani kwa kina baba, mimi na mdogo wangu Nyangeta ambaye hakuwa ametimiza hata mwezi, ili ukoo umwone. Kwa bibi, kumwona mtoto ni kumlambisha maziwa ya ng'ombe wa boma lile. Asiyelamba alibaki mgeni. Lakini mama, binti wa wavuvi wa Kibara, alikuwa ameambiwa kliniki asimpe mtoto chochote ila titi mpaka miezi sita, na mama akishakubali jambo, hatikisiki.

"Mama Neema, huyu analiaga njaa," bibi alisema siku ya pili. "Mimi wangu wote nilikuwaga nawalambisha, na wamekua."

"Titi linamtosha, mama," mama alijibu, sauti ya chini, macho ya chini, akiwa amemkumbatia mtoto vilevile.

Siku ya tatu mama alikwenda kufua, bibi akawa shambani, nikaachiwa mtoto. Akalia. Mimi, mjuaji wa kuzaliwa, niliona uchungu mdogo wangu kuitwa mgeni, nikachota maziwa ya kibuyu kwa kijiko na kumlambisha mara tatu. Jioni Nyangeta alikuwa akiharisha, macho yamelegea. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye, nami nililia kweli, nikakiri mbele ya wote. Niliamini nimemuua. Mama alimkimbiza zahanati, akamnyonyesha njia nzima, na baada ya siku mbili mtoto akachangamka.

Waliporudi nilingoja ugomvi. Mama alikaa chini karibu na bibi, akanyoosha kikombe.

"Mama, hayo maziwa yachemshe unipe mimi. Nikinywa mimi, na yeye amekunywa."

 Bibi akainuka, akayachemsha, akammiminia.

"Kunywa, mwanangu. Kunywa mpaka chini. Huyu sasa ni wa boma letu."

Kuanzia siku ile hakumwita mama kwa jina langu tena, alimwita mwanangu tu.

Leo ninaishi Buhare na mwanangu ana miezi miwili. Bibi hayupo tena. Washauri hawajapungua: mmoja ananiletea uji mwepesi, mwingine ananisifia maziwa ya kopo, na wote ninawashukuru na kuendelea kunyonyesha. Jumapili iliyopita Nyangeta alikuja kutoka Mwitongo, mwanamke mzima mwenye kicheko kikubwa, kibuyu mkononi. Aliyachemsha maziwa jikoni kwangu, harufu ile ikajaa nyumba, akampita mtoto bila hata kumwonyesha kikombe, akanikabidhi mimi.

"Kunywa mpaka chini," alisema.

Nikanywa.