Mdogo wangu alicheza poka kwa ng'ombe za mahari yangu, sasa naombwa nirudi kwa mume aliyenivunja mkono

Admin nifichie jina, ukoo wetu wote umo humu. Nina miaka 26 na mtoto mmoja, kwetu Kerende, nimeolewa Nyambureti. Naandika kwa mkono mmoja, mwingine umefungwa hogo.

Mume wangu ndiye aliyeuvunja. Safari hii sikusubiri wazee wa kwao waje kumwombea msamaha, nilimbeba mwanangu nikarudi nyumbani. Baba si mtu wa kuvunja ndoa, lakini aliutazama mkono akasema, "Hurudi huko. Ng'ombe zao tutawarudishia." Nililia kwa furaha jamani. Kwetu mwanamke hajatoka kwenye ndoa mpaka ng'ombe zirudi.

Kwa mila yetu mahari ya dada ndiyo inayomwolea kaka mke, kwa hiyo ng'ombe hizo zilikuwa zinamngoja mdogo wangu wa kiume. Baba alizipeleka Kemambo kwa rafiki yake, maana hatuweki mifugo yote boma moja, wezi wakija wasikombe vyote. Mdogo wangu ndiye aliyekuwa akienda kuziangalia.

Nilipomwambia mdogo wangu kwamba baba amekubali kuzirudisha, alikaa chini kwenye majani. "Dada, hazipo."

Wachimbaji wageni wa dhahabu ndio waliomfundisha poka. Kila mtu anapewa karata mbili zake, halafu tano zinafunuliwa mezani za wote. Yeye anajiona mtaalamu: zikija mbovu anatupa, anangoja kali tu. Huyu asiyeweza kungoja maharage yaive! Siku hiyo akapata esi mbili, karata kubwa kuliko zote. Karata za mtu wao huziita mkono.

"Hakuna mkono wa kuanzia unaoushinda huo, dada. Hakuna!" Ananieleza macho yanang'aa, mimi mkono unaniuma.

Alipopandisha dau wengine wakatupa karata zao, akabaki mchimbaji mmoja mwenye saba na nane, karata ambazo mdogo wangu angezitupa bila kufikiri. Mezani zikafunuliwa tatu za kwanza: ya tano, ya sita na ya tisa, na pamoja na saba na nane za yule zikawa tano zinazofuatana, ambazo huzishinda esi mbili. Anakiri aliona kabisa pananuka, ila esi zake hakutaka kuziachia. Hela zikamwishia, akaweka ng'ombe, nazo zikaliwa.

"Ng'ombe za nani, mura, kijana wewe?" nikamuuliza.

"Si zilikuwa za kunioa mimi?"

Tangu lini wanaume mkaolewa, nikamuuliza. Kesho yake alienda Kemambo akamdanganya yule mzee kwamba baba anazitaka, akazikabidhi kwa yule mchimbaji, ambaye ameshaziuza na kuondoka.

Sasa ananipigia magoti. "Rudi kwa shemeji kwa muda tu, nitazirudisha. Nikipata tena mkono kama ule..." Nilitamani kumzaba kibao kwa huu mzima. Mama alikuwa amesikia yote. Nilidhani atanitetea. Akasema kwa sauti ndogo, "Mwanangu, mkono wako utapona. Baba yako akimlaani huyu, hatapona."

Nampenda mdogo wangu, nimembeba mgongoni. Lakini mume wangu aliniahidi nikimkimbia ataniua, nami nimeshamkimbia, na namwamini.

Kesho asubuhi baba, ambaye hajui kitu, anakwenda Kemambo kuzifuata ng'ombe. Hataenda endapo tu nitamwambia leo kwamba nimemsamehe mume wangu na narudi. Yuko nje anaosha mabuti yake ya safari, ananiita nimpelekee maji. Ndugu zangu, mngekuwa mimi mngemwambia nini? Nijibuni haraka, ananiita tena.